Ofisi ya wasaidizi wa kisheria imefungwa, duka langu la fotokopi limegeuka ofisi ya ustawi. Shida ni hela kupungua au watu kukosa wa kuwaelekeza?

#1 Kalamu_ya_Kasulu

Wakuu habari za jioni. Nina duka la steshenari hapa Kasulu mjini. Mashine moja ya fotokopi, kompyuta moja, mashine ya laminesheni inayotoa harufu ya kuungua, basi. Nachapa barua za maombi ya kazi, natoa kopi za vitambulisho, shule zikifungua nauza madaftari. Sheria sijasomea, ustawi wa jamii sijasomea.

Mlango wa pili kutoka kwangu palikuwa na ofisi ya wasaidizi wa kisheria. Akina mama wawili na mwalimu mmoja mstaafu, benchi la mbao barazani, na bango limeandikwa HUDUMA NI BURE. Ufadhili ulikwisha, mwenye nyumba akataka kodi yake, wakafunga. Bango bado lipo. Benchi nililihifadhi mimi, na nadhani hapo ndipo nilipokosea, maana watu wanakuja, wanakuta benchi, wanakaa.

Jumatatu kaja mama mmoja kutoka kijijini. Karatasi zake kazifunga kwenye pindo la kitenge: kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kitambulisho cha mlengwa, na risiti ya mbolea ya 2022 ambayo hata yeye hajui kwa nini bado anaitunza. Hela ya kaya maskini, ile ruzuku ya serikali ya TASAF, haijamwingia madirisha matatu ya malipo, yaani miezi sita. "Mwanangu, nimefukuzwa," akaniambia, kama mtu aliyefukuzwa kazi. Nikakaa naye. Kumbe namba ya simu iliyo kwenye daftari ni ya kijana wake, kijana kaenda kwenye tumbaku Urambo, laini ikalala mpaka ikafa. Hakufukuzwa na mtu. Alitakiwa aende na kitambulisho akabadilishe namba. Mazungumzo ya dakika kumi, miezi sita ya hela.

Jumatano mzee wa miaka sabini na ushei. Kauza mbuzi wawili kulipia vipimo. Hajawahi kusikia kwamba mzee wa miaka 60 asiye na uwezo anaweza kupata barua ya msamaha wa matibabu. Ijumaa mjane na kesi ya shamba, hiyo sikuigusa.

Sasa dai langu ni hili. Hela ikikatwa, kila mtu anaiona na anapiga kelele. Lakini hela ambayo ipo, na mwenyewe hajui aifuate wapi, hiyo haionekani kwenye takwimu ya mtu yeyote. Nyinyi mnaonaje huko mliko? Na je, nianze kuwatoza?

#2 Mgebuka_Mkavu

Uzi mzuri. Naweka kambi hapa na chai ya tangawizi, wajuzi waje. Ila mkuu, ondoa hilo benchi kwanza 😂

#3 Mchumi_wa_Kijiweni

Mleta uzi, hapa hakuna fumbo. Bomba limefungwa huko juu. Wamarekani walisimamisha misaada yao tarehe 20 Januari 2025, wakasema ni siku 90 za kutathmini, na kufika tarehe 1 Julai mwaka huo USAID, shirika lao la misaada, ikaacha rasmi kutoa misaada ya nje. Waingereza walishaanza zamani: 2021 walishusha misaada ya nje kutoka asilimia 0.7 ya pato lao hadi 0.5, na Februari 2025 wakatangaza kwamba kufika 2027 itakuwa 0.3. Hao hao Waingereza ni miongoni mwa waliochangia mpango wetu wa kaya maskini tangu awamu ya kwanza.

Mfadhili akibanwa, cha kwanza kukatwa ni vitu visivyopigwa picha. Zahanati utaipiga picha, kisima utakipiga picha. Mama aliyeketi kwenye benchi anaelekezwa abadilishe namba ya simu, utampigaje picha uiweke kwenye ripoti?

#4 Nzega_Njiapanda

Mchumi, umeanzia katikati ya sinema. Kubana matumizi hakukuanza na Wamarekani wa 2025. Tulisaini na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, mwaka 1986, mzee Mwinyi hana hata mwaka Ikulu. Ajira serikalini zikafyekwa, ruzuku ya pembejeo ikaondoka, na 1993 ukaja uchangiaji wa gharama kwenye hospitali za serikali. Marehemu mzee wangu alikuwa mganga msaidizi huku Tabora, aliyaona.

Na msikilize vizuri: misamaha ilikuwepo tangu siku hiyo hiyo ya kwanza. Kwenye waraka. Wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, wasiojiweza. Mzee alikuwa anasema asiyejiweza akipewa msamaha, kituo hakipati kitu na dawa imetoka. Sasa nani atasimama mlangoni atangaze msamaha unaomtia hasara? Kwa hiyo yule mzee wa mbuzi wawili wa mleta uzi si habari ya mwaka jana, ana rika lake la miaka thelathini. Bima ya afya ya jamii ilipokuja 2001 tukaambiwa ndiyo dawa, haikuwa.

#5 Igunga_Kwetu

Nzega nakusahihisha kidogo ndugu yangu. 2001 ni sheria. Bima yenyewe ilianza kwa majaribio 1996, na ilianzia wapi? Igunga, mkoa wetu huu huu wa Tabora. Sh 5,000 kwa kaya kwa mwaka. Nchi nzima ilijifunzia kwetu. Ile iliyoboreshwa iliyokuja baadaye ilikuwa sh 30,000 kwa kaya ya watu sita.

Na walioshindwa kulipa hizo 5,000 sheria ilitaka wasamehewe, halmashauri iwabebe. Hadithi ni ile ile ya kwako: ilibidi kwanza ujue.

#6 Nzega_Njiapanda

Nimepokea mkuu, 1996. Mnyamwezi akikosea anakubali, Muha je? 😀

#7 Mtendaji_Mstaafu

Nimesoma kimya kimya, sasa naomba niseme kama mtu aliyekaa upande wa pili wa meza kwa miaka kumi na tisa.

Watu hawajui orodha ya kaya maskini inapatikanaje. Kwanza ni mkutano wa kijiji, wananchi wenyewe wanataja. Halafu linapita dodoso nyumba kwa nyumba: ukuta wa nini, paa la nini, mna redio, watoto wangapi, mnakula mara ngapi. Halafu majibu yanaingia kwenye kompyuta na kompyuta ndiyo inakata. Mimi nilishawahi kuwasomea wananchi orodha iliyorudi haina jina la mama ambaye kijiji kizima kilimtaja, kisa alikuwa na bati kumi alizopewa na kanisa. Wananchi wakanizomea mimi. Kompyuta haizomewi.

Pili, mpango haukubuniwa uwe mshahara. Ulibuniwa mtu apande kisha atoke, tunaita kuhitimu. Katika awamu ile ya kwanza ruzuku ya msingi ilikuwa sh 10,000 kwa mwezi, kaya yenye watoto wa shule na kliniki ilifika mpaka 38,000. Ajira za muda sh 2,300 kwa siku, siku 60 kwa mwaka, piga hesabu: 138,000. Wapo walionunua mbuzi, wakajenga. Wapo walioinywa. Na zilikuwepo kaya hewa, mnakumbuka uhakiki wa 2016. Kwa hiyo mtu akitoka kwenye orodha msikimbilie kusema kakatwa. Pengine kahitimu.

#8 Tumbaku_Chungu

Mtendaji, kuhitimu kwenda wapi? Mtoto akihitimu darasa la saba anapewa cheti. Bibi akihitimu umaskini anapewa nini, joho?

#9 Mchumi_wa_Kijiweni

😂😂 Ila Mtendaji kaeleza vizuri dodoso, nampa heko. Niongeze moja ambayo wengi hawaijui: sehemu kubwa ya ile hela si sadaka. Septemba 2019 Benki ya Dunia ilipitisha mkopo wa dola milioni 450 kwa ajili ya awamu iliyozinduliwa Februari 2020. Mkopo wa masharti nafuu, lakini ni mkopo. Mama wa kitenge anapewa leo, mjukuu wake atalipa.

#10 Bi_Mawese

Mwakeye wana Kigoma. Mimi nipo Ujiji, nina bibi yangu mzaa mama, amekamua mawese tangu akiwa binti. Ule moto, ule mchikichi, kile kinu. Vidole vyake ni laini kama sahani, hakuna mstari hata mmoja.

Mnakumbuka laini za simu ziliposajiliwa kwa alama za vidole, mwisho ikawa Januari 2020? Bibi alipelekwa kwa wakala mara nne. Anaweka kidole, mashine inakataa. Anafuta na kanga, anaweka tena, inakataa. Wakala akamwambia apake limao. Akapaka limao. Mara ya nne bibi akasema, "Hii mashine inataka vidole vya watu wasiofanya kazi," akaondoka zake.

Laini ikasajiliwa kwa jina la mjukuu, si mimi, yule mwingine. Baada ya hapo hela ya bibi ikawa inapita kwa mjukuu, na mjukuu anajua mwenyewe kiasi gani kinafika. Kwa hiyo Mtendaji, bibi yupo kwenye orodha, hela inatoka, ripoti inasema kalipwa. Hakuna aliyemkata. Na Julai 2021 zilipokuja tozo za miamala, kuanzia sh 10 mpaka 10,000 kwa muamala, mjukuu akapata na kisingizio: "Bibi, serikali imekata." Tozo zikapunguzwa, kisingizio hakikupunguzwa.

Aliyetusaidia alikuwa afisa maendeleo mmoja wa kata aliyekuja mwenyewe kwa miguu akamwita kijana barazani mbele ya wazee. Amehamishwa. Nafasi yake sijaona mtu.

#11 Mgebuka_Mkavu

Bi Mawese umeniliza na kunichekesha kwa pamoja. Limao!

#12 Muha_wa_Leicester

Naandika kutoka Uingereza, nina miaka kumi na saba huku, nimezaliwa Buhigwe. Mchumi kawataja Waingereza kwamba wamekata misaada ya nje, nataka kuwaambia kwamba walianza kujikata wenyewe kwanza.

Serikali iliyoingia 2010 ilikuja na sera ya kubana matumizi. Sheria ya msaada wa kisheria ikapitishwa 2012 na kuanza kutumika Aprili 2013, ikaondoa karibu mashauri yote ya posho (hela ambayo serikali inawapa wenye shida) kwenye orodha ya mambo ambayo wakili analipwa na serikali kukusaidia. Mwezi huo huo wa Aprili 2013 wakaanza kupunguza posho ya nyumba kwa mwenye chumba cha ziada. Aprili 2017 wakasema mtoto wa tatu na kuendelea hahesabiwi. Sasa angalieni mpangilio: wanabadilisha kanuni zote za posho, na wakati huo huo wanamwondoa anayekueleza kanuni. Siku hizi posho kubwa ya mwezi ni ile inayoombwa kwa kompyuta, ukiomba unasubiri wiki tano kabla ya kuona senti.

Mimi na mke wangu ilitukuta 2018, mgongo uliponitoka kazini. Barua ya kurasa kumi na nne. Kiingereza nilichofundishwa sekondari kilikwama ukurasa wa pili. Ofisi ya ushauri ya mtaani kwetu ilikuwa imefungwa, nikaambiwa nipige simu, simu ikapiga muziki dakika arobaini. Aliyenisaidia ni mama mmoja wa kanisani, Mjamaika, karani mstaafu. Nilikuwa nimenyimwa posho ya ulemavu, tukakata rufaa, nikashinda. Baadaye nikasoma kwamba zaidi ya nusu ya rufaa zinazofika mbele ya baraza kwa posho ile zinashinda. Yaani wengi walionyimwa wakafika mpaka kwenye baraza walikuwa na haki. Je, ambao hawakuwa na Mjamaika?

Novemba 2018 mjumbe wa Umoja wa Mataifa wa mambo ya umaskini, Philip Alston, alikuja kuzunguka hapa kama wanavyokuja kwetu. Niliona ajabu kweli.

#13 Tumbaku_Chungu

Leicester, pole kwa mgongo mkuu. Lakini unalinganisha jokofu na mtungi. Huko wamekata posho. Huku posho gani ya kukatwa? Mkulima wa Urambo hana cha wiki tano wala wiki hamsini. Anasubiri soko la tumbaku, na deni la pembejeo linamsubiri yeye.

#14 Muha_wa_Leicester

Sijasema ni sawa. Nimesema wanaanza na yule mwenye kalamu.

#15 Tumbaku_Chungu

Hapo nimekuelewa. Na nikupe mfano wa huku basi. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023, ikarudi 2024. Mke wangu yupo kwenye kikundi cha wanawake kumi, mashine ya kukamua alizeti. Iliposimama walisubiri. Iliporudi, masharti mapya, katiba ya kikundi iandikwe upya, akaunti, andiko la mradi. Nani ataandika? Kijana mmoja akataka sh 60,000 kuwaandikia. Kikundi jirani walilipa, wakapata andiko la ufugaji wa kuku wakati wao ni wafuma mikeka 😂 Kijana kanakili kutoka sehemu.

Kalamu_ya_Kasulu, usiwe huyo kijana.

#16 Kibirizi_Pwani

Nyote mnazungumza makaratasi. Mimi ni mvuvi. Ziwa Tanganyika lilifungwa tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane. Miezi mitatu. Sipingi, samaki walirudi, dagaa tuliwaona. Lakini katika miezi ile mitatu mlango wa nyumba yangu uligongwa na wadai kuliko maisha yangu yote. Hakuna fomu ambayo ingenisaidia. Hakuna benchi. Ningejua haki zangu zote mia, ningelala njaa nikizijua.

Umaskini ni kukosa kipato. Haya mengine ni mapambo.

#17 Mchumi_wa_Kijiweni

Kibirizi kapiga msumari. Elimu ya haki hailiwi na ugali.

#18 Bi_Mawese

Kibirizi, heshima yako kaka, lakini hao wadai waliokugongea, mkataba wa deni uliusoma? Nauliza tu. Mume wangu alikopa msimu ule ule kwa mtu, akasaini karatasi inayosema injini ya boti ni dhamana. Yeye alijua dhamana ni nyavu.

#19 Kibirizi_Pwani

Nitarudi baadaye, mtandao unasumbua.

#20 Mgebuka_Mkavu

🤣🤣🤣 Mtandao wa Kibirizi umeanza kusumbua ghafla.

#21 Makere_Sokoni

Mbona hakuna anayeitaja kambi? Makere tupo mlangoni pa Nyarugusu. Mgao wa wakimbizi ulishuka mpaka nusu mwaka 2023. Watu wa mbali wanadhani ni shida ya mkimbizi peke yake. Hapana. Mkimbizi alikuwa anauza sehemu ya mgao, unga wa njano, mafuta, dengu, ili apate sabuni na mboga. Sisi tulinunua kwa bei nafuu, tukamuuzia ndizi na dagaa. Mgao ulipokatwa, unga haupo sokoni, na mkimbizi hana hela ya ndizi yangu. Halafu anatafuta kibarua cha kulima kwa bei ya chini, kijana wa kijijini anakosa. Kukatwa kumoja, njaa tatu.

Ule mpango wa kuwapa hela taslimu badala ya chakula uliletwa Nyarugusu kwa majaribio, serikali ikausimamisha 2017. Wafanyabiashara wa Makere tulilia kuliko wao. Kambi za Mtendeli na Nduta zote za Kibondo nazo hali ni hiyo hiyo.

#22 Kakonko_Boda

Mtendeli ni Kakonko, si Kibondo, na ilifungwa 2021, watu wakahamishiwa Nduta. Nduta ndiyo ya Kibondo. Mengine yote umesema kweli.

Ila wacha nichokoze: mkimbizi alikuwa na dawati la malalamiko, ana mtu wa kumsikiliza kwa lugha yake. Mimi mwenyeji nikitaka kulalamika naenda kwa nani?

#23 Makere_Sokoni

Asante kwa marekebisho. Na hayo madawati nayo yamepungua. Kwa hiyo sasa tuko sawa, kama hiyo ndiyo raha uliyokuwa unaitafuta 😏

#24 Shangazi_wa_Haki

Nimesita kuandika. Mimi ni msaidizi wa kisheria, si wa ofisi ya mleta uzi, wilaya nyingine ya mkoa huu. Ofisi yetu nayo haipo.

Watu wanadhani tulikuwa tunalipwa mshahara. Hatukulipwa. Mimi nina mashine ya kusaga na ndiyo inayonilisha. Ufadhili ulikuwa wa kodi ya chumba, karatasi, vocha, na nauli ya bodaboda. Nauli! Mimi nikiitwa kwa mjane kijiji cha kilomita ishirini, kwenda na kurudi, siku nyingine mara tatu kwa kesi moja kwa sababu shemeji yake kakimbia kikao. Hicho ndicho kilichokatwa. Ukikiandika kwenye bajeti kinaonekana kidogo, "usafiri wa ndani". Kumbe ndiyo kazi yenyewe. Ujuzi wangu haujakatwa, upo, umekaa hapa karibu na mashine ya kusaga unasubiri mwenye nauli ya kuja.

Wanaokuja sasa ni wanaoweza kuja. Yule wa kilomita ishirini hata simfahamu tena.

Na kazi imeongezeka. Zamani baraza la kata liliamua migogoro midogo ya ardhi. Tangu marekebisho ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, siku 30, isipowezekana unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la wilaya. Nia inaweza kuwa nzuri, maana mabaraza ya kata mengine yalikuwa na yao. Lakini mjane aliyekuwa anatembea nusu saa sasa anahitaji nauli, hati na mtu wa kumwandikia.

Mleta uzi, ushauri wangu: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inataka anayetoa msaada huo asajiliwe, na msaada ni bure. Kuchapa barua ya mtu anachosema mwenyewe ni biashara yako, toza bei yako ya kuchapa. Usimwambie "utashinda". Usisaini chini yake. Mwambie aende kwa mtendaji, kwa afisa ustawi, mwandikie hata kwenye kikaratasi jina la ofisi na siku wanayokaa. Na ukianza kuchukua "asante" baada ya kesi, tutakuita kishoka na mimi nitakuwa wa kwanza.

#25 Kalamu_ya_Kasulu

Shangazi shikamoo. Nimechapa maneno yako nikayabandika ukutani, kweli kabisa.

#26 Ikulu_Ndogo

Mnalalamika wakati kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia ipo tangu 2023, mawakili wanakuja mpaka vijijini, bure. Mbona hamuisemi? Au mada ni kuponda?

#27 Shangazi_wa_Haki

Marhaba mwanangu Kalamu. Ikulu Ndogo, nimefanya nao kazi, ni watu wazuri, walitoa elimu kwa watu ambao mimi peke yangu nisingewafikia kwa mwaka. Lakini turubai linakaa siku kadhaa. Mirathi inakaa miezi. Turubai likiondoka, mjane anauliza, "Yule kijana wa tai nyekundu atarudi lini?" Na anayeulizwa ni mimi.

#28 Mtendaji_Mstaafu

Naomba kurudi kidogo. Shangazi kasema kitu kuhusu nauli. Mimi nilipokuwa kazini, pikipiki ya kata ilikuwa na mafuta robo ya mwezi. Robo tatu nilikuwa mtendaji wa pale inapofika sauti yangu. Sikuwahi kuiita kubana matumizi. Niliiita kazi.

#29 Manamba_wa_Mwisho

Vijana, babu yenu niingie. Mnagombana kama ni 1986 au 2025. Mkoloni aliufanya mkoa huu ghala la vibarua. Waha walibebwa kwenda mashamba ya mkonge Tanga, tukaitwa manamba kwa sababu kila mtu alikuwa namba. Reli ilifika Kigoma 1914, na sehemu kubwa ya shehena yake ya kurudi tulikuwa sisi. Baba yangu alikwenda na kurudi na baiskeli na kikohozi. Barua zake alikuwa anasomewa na karani wa kambi, kwa malipo. Kwa hiyo huyo kijana wa fotokopi si mgeni, namfahamu.

#30 Nzega_Njiapanda

Mzee wetu, hapo umetuzika sote. Kijana wa yule mama wa kwanza naye si kaenda kwenye tumbaku Urambo? Tofauti ni safari fupi tu.

#31 Tumbaku_Chungu

Akipatikana nitamwambia apigie mama yake simu. Nipeni jina la ukoo 😀

#32 Kibirizi_Pwani

Nimerudi. Bi Mawese, nimeitafuta ile karatasi ya deni. Sikuisoma. Haina tarehe. Hilo lina maana gani, Shangazi?

#33 Shangazi_wa_Haki

Usiiweke hapa mtandaoni. Usiipoteze wala usiandike kitu juu yake. Tafuta msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa huko mjini, muulize ana kwa ana.

#34 Kalamu_ya_Kasulu

Wakuu, mrejesho. Mama wa kitenge kabadilisha namba, dirisha lililofuata kapokea. Ya miezi sita iliyopita kaambiwa inafuatiliwa, nami sijui itaishia wapi. Kaniletea kibaba cha maharage, Shangazi usinipige, nilimlipa bei ya sokoni. Mzee kapata barua, ila mbuzi ndiyo basi. Mjane nilimwelekeza, hajarudi, sijui kama ni habari njema au mbaya.

Shida mpya: yule mama kasimulia kijijini. Leo nimefungua duka nikakuta watu saba barazani. Benchi limevunjika mguu.

#35 Mgebuka_Mkavu

Nilikwambia uliondoe 😂

#36 Seremala_Murusi

Mkuu Kalamu, nipo hapa Murusi. Kesho mchana nitapita na misumari na kipande cha mninga, nitakutengenezea, hela sitaki. Ila nina barua nimeletewa tangu mwezi wa nne, ina mhuri, sijaifungua. Nije nayo?